Fungu ya Ndege

Makomeno, Lubumbashi
tarehe 9 Januari 2024

Yaya Elisée,

Jambo ya kule Mitwaba, kaka yangu. Siye huku tungali bazima, nguvu ya Mungu. Tangu antena yenu ilikufa mbele ya Noeli, kila siku napiga telefone na ule mwanamuke ya mashini ananijibu asema mutu hapatikane. Nimechoka naye. Njo maana nimekamata bic na karatasi. Chishimba, dereva ya kamyo, atabeba hii barua mpaka pa daraja yenye ilivunjika, kisha itaenda na bantu ya kinga, bale banasukumaka mizigo juu ya baiskeli. Ukiipata usiitie mu mufuko na kusahau, nakujua. Jibu siku ileile.

Ni juu ya Baba. Ulimuacha akiwa anasahau majina. Sasa anasahau bantu. Miye ananiita mama ya kliniki. Asubui ananisalimia na heshima yote: "Jambo, mama ya kliniki, mutaniachilia lini nirudie kwetu?" Naitika, narudia pa mashini yangu ya kushona, nashona uniforme za batoto ya masomo na machozi inaanguka juu ya kitambaa. Ile nilikuwa nimeizoea.

Sasa kuko ndege. Usinicheke. Ilianza wiki mbili zilizopita. Alikuya pa muti ya avoka mu lupangu yetu, mbele ya nyumba, ndege kidogo, rangi ya majivu, mudomo inaelekea pinki, na akiruka mukia inaonyesha weupe pembeni. Anapiga kelele kama mutu anatikisa kisanduku ya viberiti. Huku tunajua kunguru na shomoro, basi. Mama Mwajuma, jirani wetu wa ng'ambo ya ukuta, naye hamujui, na yeye anajuaka kila kintu inaingia hii kartie.

Baba alikuwa pa kiti yake anachambua maharagi. Kusikia ile kelele, akasimama. Yaya, Baba mwenye namushikaka mukono kwenda pa choo! Akasimama peke yake, akaokota mukebe ya tomati, akatia makala ya moto kutoka pa mbabula ya kupikia na bipande ya kitambaa yangu, akapiga muluzi moja sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, akatoka. Nyuma ya saa moja alirudia. Nyuki zilimuuma mpaka pa masikio, asali inachuruzika pa shati, na anacheka. Nilicheka naye. Nilikuwa mujinga.

Kila asubui sasa anaenda, ndege mbele, yeye nyuma, macho juu, haangalie barabara. Ijumaa kamyo ilifunga frein ikasimama, ikabakia hatua moja imukanyage. Dereva alishuka akanitukana miye mbele ya kartie yote, na alikuwa na haki. Nikafunga mulango na kufuli. Baba akapiga kichwa yake pa ile chuma mpaka damu. Nilimuita "Baba! Baba!" hakugeuka. Ndege akamuita, akageuka.

Weye njo ulikuwa unaenda naye mu pori ya Mitwaba, akipata likizo ya kazi ya reli. Niambie bintu mbili: namna gani kumufukuza huyu ndege, na ile muluzi inapigwa namna gani. Kama anaitikia muluzi, nitamuita na muluzi. Fanya haraka, Yaya. Naogopa siku moja nitamuokota mu barabara.

Mudogo yako,
Lydie

*

Mitwaba
tarehe 19 Januari 2024

Mudogo yangu Lydie,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Barua ilifika jana, imelowana lakini inasomeka. Aksanti sana kwa kumuchunga Baba. Mungu njo atakulipa.

Ule ni ndege ya asali. Miti ikiisha mu pori, nyuki zinahamia mu plafon za bantu, chini ya mabati, na yeye anazifuata mpaka mu muji. Anajua nyuki ziko wapi, lakini hana nguvu ya kupasua, njo maana anaita mutu. Mutu anapasua, anakamata asali, kisha anamuachia fungu: kipande ya sega na nta yake, juu ya jani, pa fasi ndege anaona. Unakumbuka Baba alikuwa anasema nini? Ukila yote bila kumuachia fungu, siku ya pili atakupeleka pa nyoka.

Basi usimufukuze. Usimutege, usimutupie jiwe. Kwetu ndege ya asali hauwawe hata mu wakati ya njaa.

Sikiliza sasa, hii njo ya maana. Ule ndege anapelekaka mutu pa fasi ileile kila siku mpaka asali iishe. Mufuate Baba mara moja tu. Pale ndege anasimama, njo pale utamupata Baba kila asubui. Weka kiti, omba benye nyumba bamuangalie, na pa barabara umushike mukono. Baba hajapotea, Lydie. Iko na mwenye kumuongoza.

Juu ya muluzi, unisamehe. Haiandikwake. Baba alinipatia kule mu pori nikiwa na miaka kumi na mbili, akaniapisha: mwanamuke haipewe, sababu mwanamuke akiipiga, ndege zinahama. Unilombe kintu ingine.

Ningekuya, lakini unajua barabara. Mwambie Baba mizinga yake ingali, na miti yake imesimama. Naipitia kila wiki.

Yaya yako,
Elisée

*

Makomeno
tarehe 30 Januari 2024

Yaya Elisée,

Barua yako imechelewa. Ndege haiko tena. Alijiendea. Mambo ya ndege tuiache.

Nilisema akienda, Baba atatulia. Kumbe! Anaamuka mbele ya jua, anasimama chini ya avoka na mukebe yake ya moshi, anapiga muluzi, ananyamaza, anasikiliza. Anapiga tena. Bukari, ugali yake, haikule. Uji anashika mu mudomo bila kumeza, kama mutoto. Ikifika saa tatu anatoka kumutafuta. Siku ya kwanza walimukuta pa soko, anaangalia juu ya mabati. Juzi walimukuta kando ya reli, kiatu moja. Wamama ya msikiti ya Mama Mwajuma njo balimuleta, babili huku, babili huku, kama bwana-arusi. Alikuwa anabaambia: "Muniache, bibi zangu, rafiki yangu ananingoja." Bamoja balicheka. Miye sikuweza.

Mbele alikuwa anajua fasi ya kwenda. Sasa anaenda popote.

Na weye unaniandikia kiapo! Mwanamuke haipewe! Yaya, nani anamuosha? Nani anatupa mavi yake? Ile mukono inafua mashuka yake asubui na mangaribi haifae kugusa muluzi ya wanaume, sivyo? Nimemuita Baba, nimemuita Papa, nimemuita na jina yake yote, Faustin, kama polisi. Nimemuimbia wimbo ya kanisa. Ananiangalia na huruma, kama vile miye njo mugonjwa. Hakuna neno imebaki mu ile kichwa yenye inaweza kumurudisha, isipokuwa ile muluzi yenu.

Kama kuko laana, andika pale chini ya barua kwamba Lydie ameikamata pa kichwa yake. Nitasaini. Lakini andika ile muluzi. Ningekulomba uniletee sauti mu telefone, lakini antena yenu imelala na sina wakati ya kuingoja. Andika vile unaweza.

Na kama barabara inapitisha barua, inaweza kupitisha mutu. Nafikiri unajua.

Lydie

*

Mitwaba
tarehe 8 Februari 2024

Mudogo yangu,

Nilisoma barua yako mara tatu, na haya ikanishika. Haujakosea. Bantu ya kinga banapita kila siku. Na miye ningepita.

Nilikudanganya. Mizinga haiko. Miti ya Baba nimeikata yote, nachoma makala, nauzisha kwa bachimbaji. Nilianza na moja, mwaka mutoto yangu alilazwa, kisha ya pili, kisha nikaacha kuhesabu. Ule mukubwa wa pa kijito, wenye alama ya shoka yake, niliuangusha mwezi ya kumi na moja, nyuki zikiwa ndani. Ndege ya asali alikuya akalia juu ya kichwa yangu siku mbili. Anafikiri nitamuachia fungu. Sikumuachia hata nta. Baba anaweza kusahau sura yangu, lakini najua nikiingia pa mulango ataniuliza juu ya ule muti. Njo maana sikuyi.

Basi mutu mwenye amekata miti hawezi kuficha muluzi. Kiapo nimeivunja miye, laana iko yangu. Kamata.

Kwanza, ulimi juu ya meno: trrrrr, kama unafukuza kuku, lakini pole, bila kasirani. Kisha muluzi mbili. Unakumbuka Mama alivyokuwa ananiita mangaribi pa mulango? "Eliséeee!" ikipanda. Kisha akiniona nimejaa matope: "Eliséeee..." ikishuka, amechoka. Muluzi iko vile. Ya kwanza inapanda na sauti ya Mama, ya pili inashuka na sauti ya Mama. Sijui kama Baba aliipata kwake ao Mama aliipata kwa Baba. Sikuuliza.

Kisha nyamaza. Hii njo wanaume bengi banakosea: banaendelea kupiga. Nyamaza mpaka uhesabu kumi. Kama mutu ya kutafuta asali iko karibu atakujibu na kijiti pa muti, mara tatu: ko, ko, ko. Yeye akijibu, usimukimbilie. Piga tena, tembea mbele kidogo, ngoja. Atakufuata.

Akipotea, usimutafute mu soko. Ndege haiko, basi atatafuta nyuki na macho yake. Nyuki zinapenda matundu ya bichuguu bikubwa. Anza pale.

Unisamehe, mudogo yangu.

Elisée

*

Makomeno
tarehe 16 Februari 2024

Yaya,

Sina mutu ya kupeleka hii barua. Chishimba hajarudia. Naandika sababu nikiacha kuandika nitalia, na nikilia Mama Mwajuma ataacha kutafuta akae kunituliza.

Baba amepotea. Tangu jana asubui. Nilikuwa napima mutoto mukono ya shati, dakika mbili tu, sikufunga kufuli sababu mama ya mutoto alikuwa anatoka na kuingia. Niligeuka, kiti iko tupu. Mukebe haiko.

Imenyesha mvua usiku muzima, Yaya. Iko na shati tu.

Tumeenda pa polisi, banaandika jina, banasema tungoje. Tumeenda pa hospitali, tukafungua mashuka ya bantu tusiobajua. Padiri alitangaza pa misa ya asubui, na pa msikiti balitangaza leo Ijumaa, mara mbili, "mzee Faustin, fundi wa reli wa zamani". Hakuna mutu alimuona. Muji hii yote, na hakuna mutu aliona muzee na mukebe inatoka moshi!

Nitakuambia sasa, sababu kama amekufa sitakuwa na nguvu ya kukuambia.

Ndege hakujiendea. Miye njo nilimuua. Ilikuwa tarehe makumi mbili ya Januari, barua yako ilikuwa bado njiani. Siku ile Baba alipasua kichwa tena pa mulango, nikasema basi, imetosha. Nilikata ganda ya mukuyu wa pa kanisa, nikatoa maziwa yake, nikaipika mpaka ikawa bulimbo, ile gundi ya kutega shomoro. Nani alitufundisha kuipika? Yeye mwenyewe, mu utoto wetu, akatuambia: ya shomoro tu. Nikapaka pa tawi ya avoka. Asubui ndege alikuya, akakaa, akaita kidogo, kisha akaona miguu haitoke. Hakunipiga mudomo, Yaya. Aliniangalia nikinyoosha mukono. Alifikiri nakuya kumusaidia, sababu kwa yeye mutu ni rafiki. Nilivunja shingo. Alikuwa mwepesi kuliko bobini ya uzi.

Nilimuzika chini ya avoka. Na Baba, tangu siku ile, alikuwa anasimama juu ya kaburi yake na kumupigia muluzi.

Barua yako ilifika siku nane kisha. "Mufuate mara moja tu." Ningemufuata mara moja tu! Nilikuwa na uniforme makumi ine za kumaliza, njo ilinizuia. Leo ndege angekuwa muzima ningekimbia nyuma yake nikamukuta Baba. Miye mwenyewe nimeua mwenye alikuwa anajua njia. Majuto ni mujukuu, Baba alikuwa anasema, inakuya nyuma. Yangu imekuya mbio.

Mvua inaanza tena. Naenda.

Lydie

*

Makomeno
tarehe 19 Februari 2024

Yaya Elisée,

Barua ya Ijumaa naitia ndani ya hii, uisome yote. Sitafuta hata neno.

Baba iko muzima. Nimeandika ile kwanza, usikae na roho juu.

Jumamosi asubui Chishimba alifika na barua yako. Nilimukataza kuzima kamyo, nikaisoma nikisimama pa mulango, matope mpaka mu magoti. Pale uliandika juu ya miti, nilikukasirikia dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka bulimbo yangu.

Nilijaribu muluzi. Ikatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Midomo ilikuwa imekauka sababu ya kulia. Mama Mwajuma aliniambia: "Mwanangu, kwetu mwanamke kupiga mluzi si adabu. Lakini leo piga, mimi sisikii." Akafunga mutandio yake pa kiuno, akaokota kijiti, akatangulia.

Chishimba alitupeleka ng'ambo ya reli, kule banafyatua matofali, fasi bichuguu bingali. Na njiani nilitafuta ile sauti ya Mama. Yaya, Mama alikuwa anakuita weye. Siku zote weye. Miye hakuniita vile hata siku moja, sababu miye nilikuwa pembeni yake naosha sahani. Lakini miye njo nilikuwa karibu, niliisikia kuliko wote. Ilipanda pa sikio yangu kila mangaribi ya utoto wangu. Nilikuwa nayo, sikujua.

Kichuguu ya kwanza, nikapiga, nikahesabu kumi. Hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu balikuwa bamechimba nusu kwa matofali, hakuna. Mvua ilikuwa inanyesha pole. Pa ya tano nikakaa mu matope, nikamuambia Mama Mwajuma: imeisha, tumutafute padiri. Alinivuta pa mukono kwa nguvu, hata sasa inauma. "Piga!" Nikapiga nikikaa. Trrrrr. Mama anapanda. Mama anashuka. Moja, mbili, tatu. Pa tisa nilifunga macho.

Ko. Ko. Ko.

Nilitaka kukimbia. Mama Mwajuma njo alinishika, sababu nilikuwa nimemusomea barua: usimukimbilie. Nikapiga tena. Akatoka nyuma ya kichuguu, anatetemeka, mavazi imelowana na matope mpaka imekuwa nzito, muguu imepasuka, mukebe imezimika lakini angali anaishika mbele yake na mikono mbili. Macho yake ilikuwa juu, mu miti yenye haiko tena. Kisha ikashuka, ikanikuta. Akanitolea meno kwa furaha.

"Umekawia," aliniambia. "Nimekungoja sana."

Nikasema, "Baba." Hakuitika. Nikapiga muluzi, akaweka hatua. Ilikuwa vile mpaka pa kamyo: miye mbele, yeye nyuma, nikigeuka anasimama, nikipiga anakuya. Chishimba, mutu mukubwa vile, alikuwa analia juu ya gidon ya kamyo. Pa kliniki balimushona muguu, banasema mapafu inapumua muzuri. Mungu iko.

Sasa hatoke tena. Mulango iko wazi, kufuli nimemupa Mama Mwajuma. Anangoja miye nitangulie. Nikienda pa mashini, anakuya kukaa pa mashini. Nikienda pa bomba, anakuya na ndoo. Tangu Jumamosi hajaniita mama ya kliniki. Lydie pia hajaniita, na nafikiri hataniita tena. Nimeilia ile, imeisha.

Jana nilimupikia bukari na sombe ya majani ya muhogo. Alikula, Yaya! Lakini mbele ya kula alikata donge ya kwanza, akachuna jani ya avoka, akaweka donge juu yake, akaisukuma mbele yangu. Nilimuambia, "Baba, kula, miye nimeshiba." Akakunja uso.

"Kula fungu yako," asema. "Nisipokupatia, kesho utanipeleka pa nyoka."

Nilikula. Ni fungu ya ule nilimuvunja shingo, najua, na yeye iko chini ya ule muti, hatua tatu kutoka pale tulikaa. Nilikula mpaka jani ikabaki wazi, na Baba alikuwa anaangalia mudomo yangu mpaka nimeze. Kisha njo alianza kula yake. Leo tena, asubui na mangaribi, jani na donge.

Kuya, Yaya. Hatakuuliza juu ya miti. Akikuuliza, nitapiga muluzi. Chishimba atakuwa pa daraja Alhamisi ya tarehe 29, atakungoja mpaka saa sita.

Mudogo yako,
Lydie